Logi za Alhamisi

Wifi yangu alikaa jikoni msiba mzima, na hakuna aliyemtuma akae huko. Tulimzika mama Ijumaa, nyumba ikajaa watu, viti tukaazima kwa majirani, na yeye, mke wa kaka yangu wa pekee, kutwa alikuwa akiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Akiingia sebuleni na sinia la chai, mazungumzo yanakatika. Akitoka yanaanza tena, na yanaanza na yeye.

Kinara alikuwa shangazi. Shangazi yetu huyu, dada wa marehemu baba, Mungu alimpa mdomo akasahau kuutia breki. Alijikita kwenye kochi la mama, lile la karibu na dirisha, na kila aliyekuja kutoa pole alipewa habari nzima kuanzia mwanzo: kwamba mgonjwa amekufa mchana kweupe, wodini, mkwe wake mwenyewe akiwa zamu kwenye dawati la wauguzi, na mkwe hakuinuka kitini. Kwa nini hakuinuka? Alilala. Mtu ameshiba, feni inampuliza, kwa nini asilale? Hayo aliyasema kwa sauti ya mtu ambaye hajui kwamba jikoni nako kuna masikio.

Wifi ni muuguzi. Mimi ni fundi wa mtandao katika hospitali hiyohiyo, kwa hiyo naomba nieleze jambo hili mwenyewe, maana sebuleni kila mtu alikuwa amegeuka mtaalamu. Katika ile wodi, mashine za kupima mapigo zilizo kando ya vitanda hazipigi kelele, ili wagonjwa wapumzike. Mapigo yakienda vibaya, mashine inatuma ujumbe kwenye kebo, ujumbe unapita kwenye swichi, yaani kile kisanduku kinachogawa mtandao kilichofungiwa mwisho wa ukumbi, na kutoka hapo unafika kwenye dawati. Dawatini ndipo kengele inapolia na namba ya kitanda kuwaka. Sasa, swichi ikidondosha ule ujumbe njiani, dawati litakaa kimya, hata umkalishe pale malaika.

Matroni alimuuliza wifi kama kengele ililia. Wifi akajibu kwamba hajui. Kaka naye alimuuliza, akapewa jibu hilohilo, na hapo ndipo kaka alipoacha kusema na mke wake. Mtu aliyeketi mbele ya kengele anawezaje kutojua kama imelia? Mimi nilielewa hivi: mtu amemkuta mama mkwe wake amekata roho, kichwa chote kimevurugika, hata jina lake mwenyewe ukimuuliza huenda akasema hajui.

Jioni ya mazishi kaka alinivuta nyuma ya nyumba, penye tangi la maji. Kaka si mtu wa kelele. Alisema polepole kwamba wageni wakishaondoka atamrudisha mke wake kwao, kwa sababu kila akimtazama anamwona mama. Nikamuuliza amepata wapi wazimu huo. Akasema si wazimu, ameshindwa tu, ajilazimishe mpaka lini.

Huyu wifi ndiye aliyemkata mama kucha mwaka mzima alipokuwa hajiwezi. Ndiye aliyembadilisha shuka na kumlisha kwa kijiko, huku shangazi akituma salamu kwa simu. Mimi, binti wa kuzaa, nilikuwa najificha nyuma ya kazi, na wifi hakunisema hata siku moja. Nikarudi sebuleni moja kwa moja, nikasimama katikati ya watu na viatu vyangu miguuni.

"Swichi inaandika kila inachofanya," nikawaambia. "Jumatatu nitaifungua nije na jibu. Kama kuna aliyekosa atajulikana, na mpaka hapo naomba kila mtu aweke akiba ya maneno yake."

Shangazi alipaliwa na chai. Kaka alisimama mlangoni, akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Hata wale wasiojua swichi ni kitu gani waliridhika, maana watu wanaamini sana mashine, mashine haina shemeji wala wifi. Fundi mwenzangu, ambaye ofisini tunamwita Bwana Pole, alikuwa kwenye viti vya nyuma, na yeye alinisikia.

Jumatatu nilifika kazini mapema nikaenda wodini kabla sijasalimiana na mtu. Kitanda cha mama kilikuwa na mgonjwa mwingine, mama mnene mwenye bandeji shingoni, akanitabasamia. Nikapita haraka. Chumba cha swichi zamani kilikuwa stoo ya mafagio na hadi leo kinanuka sabuni. Nikafungua kufuli, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, nikaunganisha waya.

Swichi haina akili nyingi, ila ina tabia ya kujiandikia. Kila kipande ndani yake kina logi zake za uchunguzi, mistari mifupi: nimepokea hiki, nimepeleka hiki, hiki kimenishinda. Tatizo ni kwamba mahali pa kuyaweka maandishi hayo ni padogo. Pakijaa, inafuta ya zamani ipate nafasi ya mapya, haiulizi mtu. Ndiyo maana siku za kawaida tunaibana iandike yale yaliyoishinda tu, na hapo logi zinaweza kukaa wiki nyingi. Ukitaka kuchunguza hitilafu unaipandisha kiwango, inaanza kuandika kila kitu, hata ikipiga chafya inaandika. Kwa hiyo ofisini kwetu tuna sheria moja ambayo mgeni anafundishwa kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi: nakili zilizopo kwanza, ndipo upandishe kiwango. Na ukimaliza, kishushe.

Nilikuwa natafuta mstari mmoja. Alhamisi mchana, tundu linaloingiza kebo ya kitanda cha mama, ujumbe umedondoka. Nikipata huo mstari nitauchapisha, nitaubandika kwenye paji la uso la shangazi.

Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wa Jumamosi.

Nikadhani nimeanzia katikati. Nikarudi juu. Hakukuwa na juu. Alhamisi haikuwepo, Ijumaa haikuwepo, logi zilianza Jumamosi saa za asubuhi na kuendelea kama mvua, mistari maelfu kwa maelfu, swichi inaeleza habari ambazo hakuna binadamu aliyeziuliza. Nikaangalia kiwango. Kilikuwa kimepandishwa hadi mwisho, kwenye kila kipande, kila tundu. Mtu alikuwa ameifungulia swichi mdomo, ikapiga domo mpaka ikamfuta mama yangu.

Nilijua ni nani kabla sijauliza. Nilimkuta Bwana Pole ofisini anakoroga chai. Jina hilo tulimpa kwa sababu anampa pole kila mtu na kila kitu. Hata akizima mashine aibadilishe kipuri, anaiambia pole. Hana ubaya hata chembe, na siku hiyo ndiyo niliona kwamba mtu asiye na ubaya anaweza kukumaliza vizuri tu. Hakukana. Ijumaa alinisikia nikiahidi mbele ya ukoo mzima, ikamwingia moyoni. Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko, akaacha watoto wake akaja hospitali, akapandisha kiwango kila mahali, kwa hesabu kwamba kama swichi ni mbovu itakosea tena, na ikikosea safari hii atainasa. Kila fundi ana ugonjwa huo, ukisikia hitilafu mkono unakimbilia kupandisha kiwango. Lakini kunakili hakunakili. Alisahau. Miaka yote hiyo anawafundisha wageni, na siku ile akasahau.

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwita majina ambayo sitayarudia hapa, mengine hata sikujua kama ninayo. Watu wa ofisi ya jirani walitoka wakasimama kwenye ukumbi. Yeye alibaki ameshika kijiko.

"Nilitaka ukija ukute kila kitu," alisema.

"Nimekuta kila kitu," nikamwambia, "isipokuwa mama."

Akakaa chini, akafunika uso. Nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikazidi kunikasirisha, nikatoka.

Sikukata tamaa hapo hapo. Tuna seva kuu inayopokea nakala za logi, lakini inapelekewa yale makubwa tu, swichi kuungua au umeme kukatika. Kwa Alhamisi mchana ilikuwa kimya, na kimya hicho hakisemi lolote: huenda hakikuharibika kitu, huenda ujumbe mmoja ulidondoka na hakuna aliyeona ni jambo la kuripoti. Nikaenda kwenye mashine ya kitandani. Ilikwishafutwa kumbukumbu zake ili impokee mgonjwa mpya, na ndivyo inavyotakiwa, hakuna wa kulaumiwa. Nikaandika taarifa fupi kwa mkuu wa idara: logi za siku husika hazipo, haiwezekani kuthibitisha. Mkuu akaisoma akiwa amesimama, akanipa pole, akasema matroni hatalivuta zaidi, mgonjwa alikuwa mtu mzima na moyo wake ulikuwa umechoka. Kwa hospitali jambo likawa limekwisha. Hospitali haina kaka.

Nilipokuwa nafunga mkoba, Bwana Pole alikuja hadi mlangoni, macho mekundu. Alinikumbusha kwamba swichi ile ni kuukuu, na kwamba iliwahi kudondosha ujumbe siku za nyuma, tukaitengeneza. Akasema inawezekana kabisa iliudondosha na wa mama. Mimi nikamjibu kwamba inawezekana si jibu. Lakini njia nzima hadi nyumbani kwa kaka nilikuwa nalitafuna neno hilo, inawezekana, inawezekana, na nilipofika getini lilikuwa limeshalainika kiasi cha kumezeka.

Waliobaki walikuwa wachache. Kaka, shangazi, na jirani mmoja mzee aliyekuja kuchukua viti vyake akakaribishwa chai. Wifi alikuwa amesimama kati ya jikoni na sebule, na nyuma yake, kwenye korido, niliona begi. Begi la safari, limefungwa zipu, kitenge kimekunjwa juu yake. Sikujua ni nani aliyelipanga, yeye au kaka. Hakuna aliyenisalimia. Walikuwa wanautazama mdomo wangu.

Ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa nao tayari, mfupi, kama nilivyomwandikia mkuu. Lakini nilijua shangazi ataufanyia nini. Angesema: ah, zimefutika? Zimefutika zenyewe, na fundi ni wifi yake? Na kaka angeyabeba yale mashaka mpaka kaburini, na begi lingetoka. Nikapiga moyo konde.

"Swichi iliudondosha ujumbe," nikasema. "Dawati halikupata kitu. Kengele haikulia."

Kaka alikaa, akainama, mabega yakaanza kutikisika, na ndipo nilipoelewa kwamba tangu Alhamisi hakuwa amelia. Alikuwa amejibana, maana ukimlilia mama huku unamchukia mke huwezi kujua unalia nini. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima, jirani akageuza uso kwa adabu. Kisha akainuka, akamwendea wifi, akamshika mikono yote miwili na kumwomba msamaha mbele yetu. Shangazi alinung'unika kwamba mashine za siku hizi hazina maana, na kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na mashine. Ningeweza kumrushia sahani, lakini nilikuwa nimefurahi mno. Kaka mwenyewe alilibeba begi akalirudisha chumbani.

Baada ya chakula nilimfuata wifi uani. Jua lilikuwa bado lipo, na masufuria ya msiba yalikuwa yamerundikwa kando ya bomba, yale makubwa yenye masizi. Nikakunja mikono ya blauzi, nikachukua steelwaya, nikaanza kusugua upande wangu naye upande wake. Nilimtania kwamba sasa apunguze kuosha vyombo, atatuletea bili ya maji. Hakucheka. Aliendelea kusugua mahali palepale.

"Wifi," akasema, "kwa nini umedanganya?"

Nikamwambia sijadanganya. Nikaanza kumweleza habari za swichi kuukuu, na kiwango, na Bwana Pole. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Kengele ililia."

Nilishika ukingo wa sufuria. Alizungumza akiyatazama maji, kwa sauti ileile anayotumia kumsomea daktari hali ya mgonjwa. Alisema mama alikuwa anakivua kile kibanio cha kidoleni kinachopima mapigo. Kilikuwa kinamwasha. Kila akikivua kengele inalia dawatini, yeye anakwenda, anamkuta mama anacheka kama mtoto aliyefumaniwa, anamvisha, anarudi, hajakaa sawasawa inalia tena. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Alhamisi ile alikwenda na kurudi asubuhi nzima mpaka miguu ikavimba. Mchana ikalia. Akaona namba ya kitanda, akasema moyoni, mama naye, ngoja kwanza nimalize kuandika dawa za huyu mwingine. Akanyoosha mkono akaizima. Alipomaliza kuandika ndipo alipokwenda. Kibanio kilikuwa kidoleni.

Nilimchukia. Nalisema wazi, nilimchukia kwa moyo wangu wote, nilitaka kulichukua lile sufuria nimpige nalo. Mama yangu alikuwa anaita, na mtu akamnyamazisha kwa kidole. Halafu nikaiona miguu yake, imevimba kweli, kwenye kandambili za mama, maana mama alikuwa amempa.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. "Umetuacha siku zote hizi unasema hujui."

"Nilishindwa. Kila nikifungua mdomo inatoka 'sijui'." Aliweka steelwaya chini. "Uliposema swichi inaandika, nilishukuru. Nikasema basi, itanisemea. Wifi atakuja Jumatatu atasoma, kila mtu atajua, mume wangu atanifukuza au atanisamehe, lakini atakuwa ananijua. Begi nilipanga mimi. Nilikuwa tayari."

Akaniambia kwamba sasa hawezi tena. Akisema leo, anakuwa amemuua mama, na mimi nimekuwa mwongo juu ya maiti ya mama yangu, na kaka atabaki na nani? Kaka ambaye ndiyo kwanza amelala, amelala usingizi wa kwanza tangu msiba. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikata maini. Alisema tu kwamba itabidi amlalie ubavuni kila siku huku akiombwa msamaha.

Nikataka kusema twende tumwamshe, tuseme yote mawili, langu na lako. Nilisema hivyo, nadhani, au nilisema nusu yake. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza, na nadhani aliona jinsi nilivyoshusha pumzi kwa nafuu aliposema hapana.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Alikuwa kaka, ameamka, macho yamevimba, shati limekunjamana, lakini uso wake ulikuwa ule wa zamani, uso wa kaka yangu. Akasema masufuria yatasubiri kesho, mke wake amechoka, amefanya kazi msiba mzima peke yake na wote tulikuwa tunamtazama tu. Akamletea taulo akamfuta mikono kidole kimoja kimoja, anamwambia nisamehe, nisamehe mke wangu, na wifi anamjibu yamekwisha. Kisha kaka akanigeukia.

"Dada, ahsante," akasema. "Bila ile swichi yako ningemwonea mtu."

Nikamwambia si kitu. Wakaingia ndani. Mimi nikabaki nikisugua masufuria yaliyobaki, na hapo ndipo nilipoanza kumlilia mama kama inavyotakiwa, kimyakimya, wasije wakatoka kuniuliza nina nini.